Rido Tuliyoishona Mara Nne

Juzi mulinikalisha kwenye kiti cha plastiki, mukanipa fanta ya baridi, kisha mumoja wenu akaniuliza: "Mama Roza, inspirasio yako ilikuwa inatoka wapi?" Nikacheka mpaka fanta ikanipalia. Inspirasio! Wakati wetu neno hilo lilikuwa halijafika mutaa wetu wa Ngezi. Lakini mumeniomba nizungumze na nyinyi wasichana munaojifunza kushona, na mimi nimekwisha kuacha kazi, sina mutu wa kunikatiza. Basi nitasema. Ila wekeni simu chini. Modeli munazotafuta humo ndani zimekwisha kushonwa na mutu mwingine. Mutamufuata nyuma mpaka lini?

Mimi nimeshona blanketi za vipande kabla hata mama zenu hawajajua kufunga kikwembe kiunoni. Kipande cha kikwembe, kipande cha shati, kipande cha shuka lililochanika, chote kwangu ni mali. Mume wangu, Mungu amuweke pema, alikuwa anaficha suruali zake chini ya godoro akisikia nimeshika makasi.

Aliyenifundisha ni Mama Dorika, mwanamuke wa Mahagi, mufupi, mwenye hasira za karibu. Siku ya kwanza nilifika kwake na makasi mapya nikidhani nitakata. Akaninyang'anya. "Enda soko," akasema, "rudia saa sita, uniambie umeona rangi gani." Nikaenda, nikarudi, nikasema nimeona nyekundu, kijani na njano.

"Ile hata mutoto ya masomo ya kwanza anajua. Rudia!"

Siku tatu anazungusha mimi, mutu muzima, mama wa watoto wawili! Siku ya tatu nilimukuta mama mumoja anayeuza mawese. Amevaa kikwembe cha kahawia, amekaa kando ya mabido yake, yale madumu ya mafuta, na jua linapiga. Nikaona kahawia ile kando ya mawese imegeuka kama zambarau, na alipohama kidogo ikarudi kahawia. Nikakimbia kumuambia Mama Dorika. Hakunisifu. Alinirudishia tu makasi, akasema nianze kukata saa nane baada ya chakula.

Toka siku ile sijapita njia bure. Kuna nyumba ya jirani yetu ambayo paa lake lilitengenezwa kwa bati za kila namna, mupya kando ya zamani, nyingine zimekula kutu, moja ilikuwa bado na rangi ya buluu ya ubao wa duka. Nilisimama njiani nikaliangalia paa lile mpaka mwenyewe akatoka kuuliza kama namudai. Nikaenda nikalishona vile vile, blanketi nzima. Alipoiona alikasirika. "Roza, umeanika umaskini yangu!" Kisha akaishika, akaigeuza, akaniomba nimupe alalie. Na mashamba ya mulimani mukiwa munateremuka njia ya Bogoro, muyaangalie vizuri siku moja. Hakuna shamba lililo na kona nne sawa. Na nyinyi munakuja kunililia eti vipande vyenu havilingani.

Makosa nimefanya, msidhani sikukosea. Binti mumoja wa kartye, mutaa wetu huu, alikuwa anaolewa, nikashona blanketi nyeupe na nyekundu, safi kabisa. Kitambaa chekundu sikukifua kwanza, nilikuwa na haraka. Siku ya kubeba zawadi mvua ikatupata njiani. Tulipofika kwa wakwe, nyeupe yote imekuwa pinki! Mimi nataka kujificha chini ya meza. Mama Dorika akasimama mbele ya wakwe, akaikunjua, akasema kwa sauti kubwa: "Hii ni modeli mupya." Wakapiga makofi. Tuliporudi nyumbani alinitukana mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo, wasichana wangu, kitambaa chochote chekundu au cheusi, kabla ya kukikata, kiloweke katika maji baridi yenye chumvi. Kisha chukua kipande cheupe chenye maji, ukisugulie juu. Kile cheupe kikishika rangi, loweka tena. Msiniambie hamuna muda.

Sasa munanivuta kwenye majani. Najua, ndicho munachotaka. Wageni wakija hapa wanashika ile kazi yetu ya kudarizi, yale majani ya njano kwenye buluu, wanauliza tulisoma wapi. Wengine wanafikiri tuna mwalimu kutoka ng'ambo. Hatuna. Nitawaambia majani yale yalitoka wapi, na nitasema na aibu yangu ndani yake, maana bila aibu ile habari haikamiliki.

Ilikuwa ndani ya vita. Msitegemee nitataja makabila. Wakati ule tuliyasikia yakitajwa mpaka masikio yakauma, na kila aliyeyataja alikuwa anatafuta mutu wa kukata. Nitasema upande huu na upande ule, imetosha. Muji ulikuwa unabadilisha mabwana. Wiki hii wanatawala hawa, ukiamka siku nyingine ni wale, na kila wanaoingia wanaanza kwa kuuliza nani ni nani.

Siye tulikuwa wanawake sita katika chumba kimoja hapa Ngezi, kando ya njia. Ndiyo ilikuwa atelye, fasi yetu ya kushonea. Masini mbili za kushona tulizokuwa nazo zilibebwa wiki ya kwanza ya fujo. Nilimuona kwa macho yangu mutu akipita na masini yangu kichwani, na akanisalimia! Basi tukashona kwa mukono. Uzi ulipokwisha tulifumua magunia ya unga, tukasokota nyuzi zake mbili mbili juu ya paja. Nyuma ya blanketi tuliweka gunia lenyewe. Ukilala uchi maandishi ya unga yanakuchapa mugongoni, lakini baridi haikuoni. Wale waliokimbia vijiji walikuwa wamejaa kambini kando ya uwanja wa ndege, walihitaji kujifunika, na siye kazi haikusimama hata siku moja. Kama munadhani vita ni kukaa na kulia tu, hamuijui vita. Kuna mutu lazima ashone.

Mulango wetu haukuwa na ubao. Ulikuwa na rido, pazia la kitambaa, na rido ile ilikuwa na desturi yake. Kila mwanamuke aliyeingia atelye alikata kipande cha nguo yake mwenyewe, nguo aliyoivaa, si mabaki ya mutu mwingine, akakishona kwenye rido. Hapo ndipo alikuwa wetu. Mama Dorika ndiye alianzisha. Yeye alikufa kabla ya vita kwa ugonjwa wake wa kifua, na kipande chake kilikuwa juu kabisa.

Wa mwisho kuingia alikuwa Lotsove. Musichana kutoka upande wa Djugu, mwenye vidole vyepesi, asiyesema sana. Kijiji chao kilichomwa. Mama yake aliuawa. Yeye alitoka na kitu kimoja tu: kikwembe cha mama, amejifunga kifuani. Kilikuwa kikwembe cha wamama wa parokia yao, buluu yenye majani ya njano, walichokuwa wanavaa siku za sikukuu. Nilimuambia desturi yetu. Alifungua kikwembe, akakata kona, akaishona mwenyewe. Nilimuona akipitisha kidole juu yake mara mbili.

Na kati yetu kulikuwa Mama Zhana. Rafiki yangu toka tukiwa wasichana. Mume wake alikuwa fundi wa magari. Alienda Irumu kutafuta maharage, hakurudi. Wakatuambia waliomuua ni watu wa upande wa Lotsove. Siku za matanga Lotsove alichota maji, siku tatu, anaenda na bido anarudi na bido, wala hakuna aliyemutuma. Mama Zhana hakumutazama. Toka siku ile hakusema naye. Akitaka makasi yaliyo mukononi mwa Lotsove, alikuwa ananiambia mimi: "Muambie ule alete makasi." Na tumekaa wote kwenye mukeka mumoja!

Siku moja wale waliokuwa wanashika muji wakapita mulangoni. Mukubwa wao alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, jua likiwaka vile. Akasimama, akaweka kidole kwenye rido.

"Hii kipande iko ya wapi?"

"Kipande tu," nikasema. "Siye tunaokotaga fasi yote, njiani, sokoni."

"Hapana. Mimi minajua hii kikwembe. Ni ya bamama ya ile parokia. Mwenyewe iko humu?"

"Ni ya atelye."

Lotsove alikuwa amekaa nyuma yangu, anashona, hakuinua kichwa. Kama angefungua mudomo, sauti ya kwao ingesikika, na upande wa kwao ndio waliokuwa wanautafuta.

"Kesho nisiikute," kijana akasema.

Walipoondoka Mama Zhana akasema: "Toa, Roza. Batatuua juu ya kitambaa." Na mimi, wasichana wangu, nikatoa. Nilingoja Lotsove aende kuchota maji, nikachukua wembe, nikafumua. Kazi ya dakika tatu. Alirudi akanikuta nimeshika kipande, na kwenye rido kuna tundu, mwanga unapita. Akatua bido chini.

"Mama Roza, unanifumua?"

Alichukua kipande mukononi mwangu, akakikunja, akatoka. Vita haikunishika mukono nifanye vile. Ni mimi, na wembe wangu.

Siku mbili sikushona kitu cha maana. Siku ya tatu nilienda kambini. Nilimukuta amekaa chini ya bashi, turubai la kambini, pamoja na familia asiyoijua, amejifunga kikwembe kile.

"Rudi nyumbani," nikamuambia. "Niliogopa, Lotsove."

"Mimi niko naogopa kila siku, mama. Nilifumua mutu?"

Niliinama. Nikamuambia nimekosa. Nililia mbele ya watu wote wa bashi ile, na sikuona haya. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Utarudisha kipande yangu. Muchana. Kwenye mulango, batu yote bakiona. Kama hapana, enda salama."

Akanipa kipande, tukatoka naye kambini, nikakirudisha. Nilitoa kiti nje, saa nne asubuhi, jua kali, nikakishona mulangoni huku watu wanapita. Jirani wa paa aliniuliza kama nimepata wazimu. Nikamuambia ndiyo. Nilikishona mushono wa kurudi nyuma, ule ambao sindano inapiga hatua moja mbele na nusu nyuma, maana ule hata ukikata uzi fasi moja haufumuki wote. Jifunzeni mushono ule kwanza kabla ya maua yenu. Ni wa polepole, lakini mutu akitaka kuutoa lazima atoke jasho.

Kijana wa kofia akaja. Akaona. "Nilisema nini?"

"Ulisema," nikajibu. "Kama unaichukia, toa weye mwenyewe. Mimi sitoi tena."

Akavuta rido yote, akaondoka nayo. Watu huniuliza kwa nini hakutupiga risasi. Sijui. Labda ni kwa sababu mukubwa wake alikuwa analala ndani ya blanketi yetu. Waliua watu kwa sababu ndogo kuliko ile, kwa hiyo msichukue habari hii mukafikiri ujasiri ni kinga. Tulikuwa na bahati, na tulikuwa tumechoka kuogopa.

Kesho yake tukashona rido ya pili. Kila mumoja akakata tena kwenye nguo yake, Lotsove akakata kwenye kikwembe cha mama. Baada ya wiki wakaibeba. Tukashona ya tatu. Nayo wakaibeba, wakaichoma moto njiani tukiona. Siye wengine tulikuwa na nguo nyingine, hata kama zimechakaa. Lotsove alikuwa na ile moja. Mwanzo kikwembe kilimuzunguka mara mbili. Baada ya rido ya pili kikawa cha kiunoni. Baada ya ile ya tatu kilibaki kipande kidogo tu, na alivaa sketi ya gunia. Na kwa sababu alitaka kila mara kipande kiwe kikubwa kuliko kile kilichobebwa, sikuweza kumuzuia. Nilijaribu. Akaniambia: "Wakichoma ndogo, minaweka kubwa." Kichwa kigumu! Lakini nilikuwa naona anavyokishika kabla ya kukata. Alikuwa anamukata mama yake, na alikuwa anajua.

Tulipoanza ya nne, kilibaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Jani moja zima na nusu ya lingine. Lotsove akakiweka juu ya mukeka. Akachukua makasi kunyoosha kingo.

Mama Zhana akanyoosha mukono, akafunika kile kipande.

"Wacha," akasema. Hakumutazama mutu. Akainuka, akaenda kwake, akarudi na koti la kazi la mume wake, lile la buluu alilokuwa anavaa chini ya magari. Lilikuwa bado na doa la mafuta ya gari kwenye mufuko. Hakuwahi kulifua. Tulijua, alikuwa analalia kichwa juu yake. Akalikata mugongoni, kipande kikubwa, makasi yanalia katika kitambaa kizito kile. Halafu akafumua sweta moja ya njano ya mitumba, akasokota uzi, akaweka kile kiganja cha kikwembe juu ya goti, akaanza kukifuata. Jani kwa jani, mushipa kwa mushipa, anaangalia anadarizi, anaangalia anadarizi. Hakuna aliyewahi kumufundisha. Alikuwa mushonaji wa vipande kama siye. Sindano ilimuchoma, akafyonza kidole, akaendelea. Siku nne.

Alipomaliza alimurudishia Lotsove kile kiganja. Alimupa mukononi, si kupitia kwangu. "Hii ya mama yako, weka mbali na makasi."

Tukashona kazi ya Mama Zhana katikati ya rido, tukaitundika. Ilikuwa muchana wa Jumatano, watu wanatoka soko. Kijana wa kofia hakukawia.

"Nyinyi bamama hamuchoki?" akauliza. Kisha akaona majani. "Ile ile tena! Nani alishona hii?"

Mimi nilikuwa nafungua mudomo. Mama Zhana akanitangulia, akasimama na kitambala cheusi cha ujane kichwani. "Mimi."

Kijana alimujua. Ngezi yote ilimujua. "Weye? Mama, si ni bale balimuua bwana yako? Unashona majani yao?"

"Siku za matanga yake ulikuja?" Mama Zhana akauliza. "Ulileta hata kikombe cha maji? Sikukuona. Huyu," akamuonyesha Lotsove kwa kidole, mbele yao wote, "huyu alinichotea maji siku tatu. Sasa unanifundisha nani ni mutu yangu?"

Kijana akamuangalia Lotsove. Lotsove akamuangalia yeye. Sindano ilikuwa mukononi, na safari hii hakuinamisha kichwa.

Mama Zhana akachukua wembe wangu juu ya mukeka, akamunyooshea. "Ile buluu ni koti ya bwana yangu. Shika, hata mafuta yake ya gari iko. Majani ni ya mama yake huyu. Haya, toa majani. Lakini ukikata koti ya bwana yangu hata kidogo, nitalia hapa mulangoni mpaka mama yako aliyekuzaa asikie."

Wenzake wawili walikuwa nyuma yake, na njiani watu walikuwa wamesimama na mizigo yao kichwani. Kijana alishika rido. Akaigeuza upande wa nyuma, akafuata uzi wa njano kwa kidole, unavyoingia ndani ya buluu na kutoka, unaingia na kutoka, kote. Wembe hakuupokea. Akaiachia rido, akasema neno moja kwa wenzake, nalo sikulisikia, wakaenda.

Mama Zhana akakaa chini kwa kishindo. Wembe ukaanguka juu ya mukeka. Siye wengine, mumoja anacheka, mwingine analia. Mama Zhana mwenyewe akainua macho kwenye rido, akaikodolea muda murefu, kisha akakunja uso.

"Lotsove," akasema. Mara ya kwanza toka matanga kumuita kwa jina. "Ile jani ya tatu nimeipinda. Chukua wembe, uifumue, tuirudilie vizuri."

Lotsove akaokota wembe. Akautia ndani ya kopo la vifungo, akafunika.

"Mimi sifumui, Mama Zhana."

Jani la tatu limepinda mpaka leo. Pitieni pale mulangoni mukaliangalie, lakini mikono yenu ikae nyuma.